Kifo, Kiyama na Miaka Elfu: Mafundisho ya Wakristo Yakilinganishwa

Wakristo watatu wakisimama kwenye kaburi moja wanaweza kumlilia marehemu mmoja huku kila mmoja akiamini yuko katika hali tofauti. Mkatoliki anamwombea, kwa kuwa huenda bado anatakaswa. Mpentekoste anamshukuru Mungu kwamba ndugu yake amekwisha kufika kwa Bwana, na hamwombei, kwa sababu kwake safari hiyo imekamilika. Msabato anaamini kwamba marehemu hajui lolote: amelala, na sauti ya kwanza atakayoisikia ni parapanda. Wote watatu wana Biblia mkononi, na huenda wote watatu wakaisoma 1 Wathesalonike 4 kabla udongo haujarudishwa.

Tofauti hizi si za wanateolojia peke yao. Ndizo zinazoamua utamwambia nini mtoto anayeuliza bibi yuko wapi, utaomba misa kwa ajili ya wafu au hutaomba, utasikiliza habari za vita ukihesabu ishara au utazisikiliza bila kuhesabu. Anayehama kanisa, anayetaka kuoa au kuolewa na mtu wa dhehebu jingine, au anayeanza kuisoma Biblia kwa makini, hufika mahali pa kuchagua. Nimeandika kwa ajili yake.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini, na nitakitumia hadi mwisho. Kila fundisho lina aya linayoipenda, ile inayonukuliwa kwenye mahubiri na kwenye vipeperushi. Aya hiyo haikusaidii kuchagua, kwa maana kila upande unayo yake. Tafuta aya inayolibana fundisho lenyewe, kisha sikiliza watetezi wake wanaijibu vipi. Wako wanaoikabili aya hiyo uso kwa uso, na wako wanaoipita haraka kwenda kwenye aya nyingine. Hapo ndipo utakapoona tofauti.

Kwanza tuone wanakokubaliana. Kanuni ya imani ya Nikea na Konstantinopoli, ya mwaka 381, ambayo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana na wengine wengi wanaikiri, inasema Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, kwamba ufalme wake hautakuwa na mwisho, na kwamba tunatazamia ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao. Basi. Hakuna neno juu ya toharani, unyakuo, miaka elfu, wala hali ya roho kati ya kifo na kiyama. Makanisa yasiyosoma kanuni hiyo kila Jumapili, kama Wabaptisti, Wapentekoste na Wasabato, nayo yanaamini mambo hayo hayo manne: Kristo anarudi, wafu watafufuka, hukumu ipo, na uzima wa milele upo. Ukimkuta mtu anayefanya fundisho la miaka elfu kuwa sharti la kuitwa Mkristo, ujue anadai kuliko walivyodai waliotunga kanuni ile.

Marehemu yuko wapi sasa?

Watu wengi huanza na Mpinga Kristo na namba 666, kwa sababu ndiko kwenye msisimko. Nashauri uanze na kaburi. Swali la kaburi halimkosi mtu, tena jibu lake linabeba majibu mengine yote. Anayeamini kwamba nafsi haiwezi kufa hana budi kueleza nafsi ya mwovu itakuwa wapi milele. Anayeamini kwamba mtu hufa mzima, mwili na nafsi, anaona maangamizi ya waovu kuwa jambo la kawaida kabisa. Ukijibu mtu ni nini, umeshajibu nusu ya jehanamu.

Msimamo wa kwanza, ambao makanisa mengi yanaushika, unasema roho huendelea kuishi na kujitambua baada ya kifo. Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, Wabaptisti na Wapentekoste wamo humu, ingawa wanatofautiana juu ya kinachofuata. Wanasoma maneno ya Yesu kwa mhalifu msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43), na tamaa ya Paulo ya kwenda zake akae na Kristo (Wafilipi 1:23). Wanasoma pia habari ya tajiri na Lazaro katika Luka 16, ingawa wenye tahadhari hukubali kwamba mfano haukutolewa kuwa ramani ya ahera.

Hata ndani ya msimamo huu mambo hayakuwa shwari. Papa Yohane XXII, miaka ya 1330, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu ya mwisho. Wanateolojia walimpinga waziwazi, naye akaukana usemi wake akiwa kitandani mwa mauti mwaka 1334. Mwandamizi wake, Benedikto XII, akatangaza rasmi mwaka 1336 kwamba roho zilizotakasika humwona Mungu mara baada ya kifo, bila kungoja kiyama.

Aya zinazoubana msimamo huu ni mbili, na zina uzito. Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 15:18, anasema kama hakuna ufufuo, basi waliolala katika Kristo wamepotea. Ikiwa roho zao ziko mbinguni zinafurahi, kwa nini aseme wamepotea? Jibu la kawaida kwa Mhubiri ni kwamba kitabu kile kinaeleza maisha yanavyoonekana chini ya jua, na jibu hilo linakubalika. Jibu kwa Paulo ni gumu zaidi. Walio waaminifu husema kwamba bila ufufuo wokovu wote unaanguka, kwa hiyo hata hali ya roho inaanguka nao. Nalikubali jibu hilo, lakini linawashtaki wengi wanaolishika: mazishi mengi huisha mhubiri akiwa amesema marehemu yuko mbinguni, na ufufuo wa mwili haukutajwa hata mara moja. Kwa Paulo, ufufuo ndio habari yenyewe.

Msimamo wa pili ni usingizi wa wafu. Leo unajulikana zaidi kwa Waadventista Wasabato, ambao kanisa lao liliundwa rasmi mwaka 1863, lakini wao si wa kwanza. Martin Luther mara nyingi alikisema kifo kama usingizi mzito ambao mtu huamshwa na Kristo. Mwanamatengenezo mwenzake, John Calvin, aliliona wazo hili kuwa hatari kiasi kwamba moja ya maandishi yake ya kwanza ya kiteolojia, aliloliandika mwaka 1534, lilikuwa la kulipinga. Watetezi wa usingizi wanasoma Mwanzo 2:7, ambako Mungu hamtilii Adamu nafsi ndani ya mwili, bali mtu mwenyewe anakuwa nafsi hai. Wanasoma Zaburi 146:4, inayosema siku mtu anaporudia udongo wake mawazo yake hupotea. Na wanakumbusha kwamba Lazaro wa Bethania, ambaye Yesu alisema amelala, alikaa kaburini siku nne na Injili haikuandika neno moja la alichokiona.

Aya inayowabana si ile ya mhalifu msalabani, ingawa ndiyo inayobishaniwa zaidi. Pale wanajibu kwamba maandishi ya kale hayakuwa na alama za koma, kwa hiyo yaweza kusomwa "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Wengi hawaridhiki na usomaji huo, lakini sarufi haiukatazi. Inayowabana kweli ni Wafilipi 1:23. Paulo anapima kufa na kuishi, na anasema kufa ni bora zaidi sana kwa sababu atakuwa na Kristo. Jibu lao ni kwamba kwa aliyelala muda haupo: anafumba macho, anayafumbua mbele za Bwana, hata kama karne ishirini zimepita. Ni jibu zuri kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mimi mwenyewe naona maneno ya Paulo yanasomeka kwa urahisi zaidi kama mtu anayetarajia kuwa na Kristo tangu sasa, lakini simwoni Msabato kuwa ameikimbia Biblia. Amekimbilia kwenye kurasa ambazo sisi wengine tunazipita haraka.

Kanisa la Uingereza liliwahi kuwalaani wazi wanaofundisha kwamba roho hulala. Lilifanya hivyo katika ungamo lake la imani, Vifungu 42 vya mwaka 1553, pamoja na kulaani utawala wa miaka elfu na wokovu wa watu wote. Vifungu hivyo vitatu viliondolewa mwaka 1563, na havimo katika Vifungu 39 vinavyojulikana leo. Kanisa halikusema mafundisho hayo ni sahihi. Liliacha tu kumfukuza mtu kwa ajili yake.

Toharani na kuwaombea wafu

Hapa kuna kutoelewana kwingi kuliko kutokubaliana. Wengi wasio Wakatoliki wanadhani toharani ni nafasi ya pili ya kutubu baada ya kufa. Sivyo. Katika mafundisho ya Kikatoliki, aliye toharani ameokoka tayari na hakika ataingia mbinguni. Anatakaswa tu na mabaki ya dhambi. Fundisho hili lilithibitishwa katika mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu: wa Lyon mwaka 1274, wa Florence mwaka 1439, na wa Trento mwaka 1563. Trento hata iliwaagiza maaskofu wazuie udadisi usiojenga, ushirikina na kila kinachonuka tamaa ya pesa katika jambo hili. Agizo hilo lilikuja kwa kuchelewa: biashara ya rehema, yaani kuuza vyeti vya kupunguziwa adhabu ya toharani, ndiyo iliyomfanya Luther aandike hoja zake 95 mwaka 1517.

Aya inayopendwa ni 2 Wamakabayo 12, ambako Yuda Makabayo anatuma sadaka Yerusalemu kwa ajili ya askari waliokufa. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, wala hakimo miongoni mwa vitabu 66 vya Waprotestanti, kwa hiyo mabishano yanaanzia kwenye orodha ya vitabu kabla ya kufika kwenye toharani. Aya nyingine ni 1 Wakorintho 3:15, juu ya mtu atakayeokolewa "kama kwa moto". Inayobana ni Waebrania 9:27: mtu hufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Mkatoliki anajibu kwamba hukumu ya mtu binafsi ndiyo hiyo hasa, na toharani huja baada yake. Hapo hajakwepa kitu.

Waorthodoksi ndio wanaonivutia zaidi katika swali hili. Wanawaombea wafu kwa bidii kubwa, hasa siku ya tatu, ya tisa na ya arobaini, lakini hawakukubali moto wa toharani. Huko Florence, Askofu Marko wa Efeso alikataa kutia sahihi hati ya umoja kati ya Waorthodoksi na Wakatoliki. Wanaomba kwa sababu wanapenda na kwa sababu Kanisa ni moja, hai na wafu, bila kudai kujua sala hiyo inafanya kazi vipi. Mprotestanti anayesikia uchungu wa kunyamaza ghafla juu ya mtu aliyemwombea miaka yote anaweza kujifunza kitu hapo, hata asipobadili msimamo.

Jehanamu: mateso, maangamizi au matengenezo

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndilo linalojibiwa kwa haraka kuliko yote. Misimamo ni mitatu.

Ule ulioenea unasema waovu watateseka milele, wakijua wanateseka. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliutetea kwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 5, na ukawa fundisho la karibu makanisa yote ya Magharibi, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti. Nguzo yake ni Mathayo 25:46: wale wa kushoto wanakwenda katika adhabu ya milele, wenye haki katika uzima wa milele. Ikiwa uzima hauna mwisho, Augustino anauliza, adhabu itakuwaje na mwisho ilhali ni neno moja katika sentensi moja? Hoja hiyo ina nguvu, na kila anayeukataa msimamo huu anadaiwa jibu lake. Aya inayoubana ni Mathayo 10:28, ambako Yesu mwenyewe anasema Mungu anaweza kuangamiza mwili na roho pia katika jehanamu, pamoja na mafungu mengi yanayosema mwisho wa waovu ni mauti, kupotea, kuteketea. Watetezi wanajibu kwamba kuangamia ni kuharibika na kukosa faida, si kukoma kuwapo. Wakati mwingine neno hilo lina maana hiyo kweli. Likirudiwa mara nyingi namna ile, jibu linaanza kuchoka.

Ndani ya msimamo huu pia picha hutofautiana. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1999, alifundisha kwamba jehanamu si mahali hasa bali ni hali ya wale waliojitenga na Mungu kwa hiari yao na kwa namna isiyorudi nyuma. Anayetishwa na picha za mapipa ya mafuta yanayochemka ajue kwamba kanisa lenyewe halimlazimishi kuziamini.

Msimamo wa pili ni maangamizi: waovu watafufuliwa, watahukumiwa, kisha watakoma. Wasabato wanaufundisha rasmi, na baadhi ya Waprotestanti wengine wameufikia kwa njia yao. Mchungaji Mwanglikana John Stott, aliyeheshimiwa sana na Wainjilisti, alisema mwaka 1988, kwa tahadhari kubwa, kwamba anauona una msingi wa Kibiblia, na alilaumiwa vikali. Mashahidi wa Yehova nao hawaamini mateso ya milele, ingawa makanisa mengi hayawahesabu kuwa ndugu wa imani kwa sababu wanaukataa Utatu. Nguvu ya msimamo huu ni Ufunuo 20:14, inayoliita ziwa la moto mauti ya pili, na kifo ni kifo. Aya inayoubana imo katika sura ile ile, mstari wa 10: Ibilisi, mnyama na nabii wa uongo watateswa mchana na usiku hata milele na milele. Watetezi wanajibu kwamba mnyama ni utawala, na utawala hauteswi, kwa hiyo lugha ni ya mafumbo. Vema, lakini Ibilisi si mfumo, naye ametajwa hapo hapo.

Wa tatu ni matumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa. Origene wa Aleksandria, karne ya 3, aliufundisha, na Gregori wa Nisa, karne ya 4, aliuandika waziwazi zaidi. Mafundisho yaliyohusishwa na Origene yalilaaniwa karne ya 6, huku Gregori akibaki mtakatifu wa Mashariki na Magharibi hadi leo. Aya zake ni 1 Wakorintho 15:28, ambako Mungu anakuwa yote katika wote, na Wakolosai 1:20, juu ya kuvipatanisha vitu vyote. Zinazoubana ni karibu maonyo yote ya Yesu, hasa kuhusu Yuda, kwamba ingekuwa heri asingalizaliwa (Mathayo 26:24). Kwa mtu ambaye mwishowe ataingia katika furaha isiyo na mwisho, kuzaliwa kungekuwa heri tu. Sijaona jibu la aya hiyo lililonishibisha. Kutumaini na kumwombea kila mtu ni jambo moja, na hata waamini wa mateso ya milele huweza kufanya hivyo; kuhubiri kama jambo la hakika ni jambo jingine.

Ukiniuliza kati ya miwili ya kwanza, nitakwambia mizani imekaribiana kuliko mahubiri yanavyodai, na kwamba kosa baya zaidi kuliko kukosea hapo ni kulisema fundisho lolote kati ya haya kwa ladha ya kufurahia.

Miaka elfu

Fungu lenyewe ni moja, Ufunuo 20:1-6, linalosema Shetani atafungwa na watakatifu watatawala pamoja na Kristo miaka elfu. Hakuna mahali pengine katika Biblia panapotajwa utawala wa miaka elfu wa Kristo, na jambo hilo peke yake lingetosha kutupunguzia ukali.

Wakristo wa kale kama Yustino Mfiadini na Ireneo, karne ya 2, walitarajia Kristo arudi kwanza, kisha atawale duniani miaka elfu. Augustino naye aliwahi kuamini hivyo, akabadili mawazo, akafundisha kwamba miaka elfu ni mfano wa wakati wote wa Kanisa, tangu Kristo wa kwanza kuja mpaka atakaporudi. Msimamo wake ukawa wa Wakatoliki, wa Walutheri walio wengi na wa Wareformati (wafuasi wa mapokeo ya Calvin) walio wengi. Ungamo la Augsburg, la Walutheri, la mwaka 1530 linakataa wazi ufalme wa kidunia wa watakatifu kabla ya ufufuo. Msimamo wa tatu, aliokuwa nao mhubiri Jonathan Edwards wa Marekani katika karne ya 18, unasema Injili itaushinda ulimwengu, kisha ndipo Kristo arudi. Uliwapa wamishenari nguvu nyingi, ukapoteza wafuasi wengi baada ya vita vikuu vya 1914 hadi 1918. Wasabato wana wa kwao: miaka elfu itakuwa mbinguni, watakatifu wakiwa na Kristo, na dunia ikiwa tupu na Shetani amefungwa humo bila mtu wa kumdanganya.

Kinachowabana wafuasi wa Augustino ni kwamba fungu linasema watakatifu waliishi tena kwanza, na wafu wengine wakaishi tena baadaye. Wa pili wanakubali ni ufufuo wa mwili, kwa nini wa kwanza uwe wa kiroho? Kinachowabana wanaosema Kristo arudi kabla ya miaka elfu ni Yohana 5:28-29, ambako saa moja inawatoa makaburini wema na waovu. Wanaotarajia ushindi wa Injili wanabanwa na swali la Yesu katika Luka 18:8, kama Mwana wa Adamu ataiona imani duniani atakapokuja. Wasabato wanabanwa na Ufunuo 5:10, inayosema watakatifu wanamiliki juu ya nchi. Hakuna aliyesalimika hapa. Chagua, lakini usimvunje mtu kwa ajili ya uchaguzi huo.

Unyakuo kabla ya dhiki

Hapa sitajifanya sina upande. Fundisho kwamba Kristo atawanyakua waamini kabla ya dhiki kuu ya miaka saba, kisha arudi tena hadharani baada yake, lilienezwa na John Nelson Darby (1800–1882), mhubiri wa Ndugu wa Plymouth, na Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ikalifikisha kwa mamilioni. Leo liko katika makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kibaptisti. Wapo wanaofundisha unyakuo katikati ya dhiki, na wapo wanaofundisha baada yake, ambao kwao unyakuo na marejeo ni tukio moja.

Kwamba waamini watanyakuliwa, hakuna anayebisha: 1 Wathesalonike 4:17 imeandikwa. Ubishi ni wakati. Aya zinazopendwa ni Ufunuo 3:10, ahadi ya kulindwa na saa ya kuharibiwa, na 1 Wathesalonike 5:9, kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira. Nyuma yake kuna wazo kubwa zaidi, kwamba Israeli na Kanisa ni mataifa mawili ya Mungu yenye mipango miwili, hivyo Kanisa liondolewe ndipo mpango wa Israeli uendelee. Ukilikataa wazo hilo, fundisho zima linapoteza mguu wake. Basi lichunguze hilo kwanza, katika Warumi 11 na Waefeso 2, kabla ya kushughulika na ratiba.

Zinazolibana ni nzito. Mathayo 24:29-31 inasema wateule watakusanywa baada ya dhiki. 2 Wathesalonike 2:1-4 inawatuliza waamini kwa kuwaambia siku ile haiji mpaka yule mtu wa kuasi afunuliwe. Kama wangekuwa wameshanyakuliwa kabla ya hapo, Paulo angewaambia hivyo na barua ingeishia pale. Na fungu la unyakuo lenyewe lina mwaliko, sauti ya malaika mkuu na parapanda, jambo ambalo halifanani na kutoweka kimyakimya. Watetezi wanajibu kwamba Mathayo 24 inawahusu Wayahudi wa wakati wa dhiki, na kwamba kizuizi kinachotajwa katika 2 Wathesalonike 2, kinachomzuia yule mtu wa kuasi asifunuliwe, ni Roho Mtakatifu aliye ndani ya Kanisa. Kwa kipimo changu, majibu haya yanaleta kutoka nje kile ambacho fungu halikisemi. Nawaheshimu ndugu wanaoliamini, wengi wao ni mashahidi wa Injili wenye moto kuliko mimi. Lakini fundisho lililowafanya watoto wengi waamke usiku wakidhani wazazi wao wamenyakuliwa na wao wameachwa linastahili kuchunguzwa kwa makini kabla halijafundishwa tena.

Na tarehe? William Miller na wafuasi wake walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, kwa hesabu ya siku 2,300 za Danieli 8:14, na siku ikapita. Wasabato walitoka katika vuguvugu hilo, wakafundisha kwamba siku ile Kristo alianza hukumu ya upelelezi, yaani kuyachunguza maisha ya waliomwamini, katika patakatifu pa mbinguni, na tangu hapo hawaweki tarehe ya marejeo. Mashahidi wa Yehova wanafundisha kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka 1914, bila kuonekana kwa macho. Mwalimu yeyote anayekupa mwaka leo, Mathayo 24:36 imeshamjibu.

Unapolazimika kuamua

Muulize mchungaji au padri wako ni aya ipi inayombana yeye katika fundisho lake. Akikutajia moja na kukuonyesha anavyoishi nayo, kaa umsikilize. Akisema hakuna, bado hajasoma upande wa pili.

Wanaotaka kuoana kutoka madhehebu tofauti wasipoteze jioni zao kwenye miaka elfu. Wazungumze mambo matatu: nani ataongoza mazishi na kama marehemu ataombewa, watoto wataambiwa nini juu ya jehanamu na katika umri gani, na kama mmoja anamhesabu mwenzake kuwa amepotea kwa sababu ya kanisa lake. La tatu ndilo lenye uzito, na ni heri lijulikane kabla ya harusi.

Ukisoma mwenyewe, anza na 1 Wakorintho 15 nzima, kwa kikao kimoja. Kisha Wafilipi 1 na 2 Wakorintho 5 pamoja na Mhubiri 9. Mathayo 24 na 25 zisomwe bila kukatwa katikati, ukikumbuka kwamba Warumi waliliteketeza hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na kwamba baadhi ya maneno ya sura ya 24 wengi wanayaona yametimia hapo. Ufunuo 20 iwe ya mwisho, na usiifunge Biblia kabla ya sura ya 21, kwa sababu pale mji mtakatifu unashuka kutoka mbinguni kuja chini, na Mungu anakaa pamoja na wanadamu. Kila fundisho linaloishia na roho zikielea mawinguni milele, la dhehebu lolote, linabanwa na sura hiyo.